Tairi la Tano

Manne yako chini tayari, meusi, bado yana vinyweleo vya kiwandani,
na ubavuni mwa kila moja kuna mshale:
zunguka huku, usizunguke kule.
Fundi Semboja amefuta mikono kwa kipande cha kanga
akaniuliza, kama anayeuliza chai au kahawa,
"La tano, dada, la kushoto au la kulia?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuja Barabara ya Kumi na Mbili na hela ya zahanati,
nimeambiwa nisisahau risiti,
nikidhani akiba ni akiba.

"Haya ya tope yana upande," anasema,
na kidole chake kinafuata kashata
zilizolala kama miba ya samaki.
"Likienda na mshale, linatema tope.
Likienda kinyume, linalimeza.
Ukishalivisha rimu, limeshachagua."

Basi nahesabu.
Kushoto ndiko ukingoni mwa barabara,
ndiko chupa, ndiko misumari ya waliojenga wakahama,
ndiko visiki vya mkonge, njia ya Kigombe.
Miaka sita, kushoto kwangu yamekufa manane.
Kulia mawili.

Mawili tu.

Lakini moja kati ya hayo
lilikufa saa nane usiku, kabla ya Maramba, mvua ikimwagika,
nyuma kuna mama anauma ncha ya khanga yake,
na Nesi Chausiku ananishikia tochi huku akihesabu
dakika kati ya uchungu na uchungu.
Jeki ikazama. Nikaiwekea ubao. Ubao ukazama.
Nikaiwekea kiti cha mbele.
Na tairi nililoshusha mlangoni lilikuwa la kushoto.

Nikalifunga hivyohivyo,
mshale ukitazama tulikotoka.
Nikaenda mwendo wa mbeba mayai,
kila kashata ikichota udongo na kuuficha,
usukani ukinivuta kulia kama mtoto aliyeona pipi.
Tulifika. Sisemi hatukufika.
Yule aliyezaliwa sasa yuko darasa la pili;
bibi yake humwita Spea, naye huitika.

"Nina hili pia," Semboja anasema,
akiliviringisha kutoka nyuma ya pazia la magunia.
Halina mshale. Pande zote kwake ni nyumbani.
Nalipenda kabla sijalipima.
Nalisimamisha kando ya mengine:
fupi, vidole viwili.
"Difu italia," nasema.
"Italia," anakubali, "lakini si siku ya kwanza."
Analirudisha nyuma ya pazia
taratibu, kama mtu anayemrudisha mgeni ambaye hakualikwa.

Kijana wake, Kihiyo, ameketi juu ya rimu anakula muhogo.
"Na ukipiga rivasi," ananiuliza,
"mshale unakuwa umesema uongo?"
Semboja anamwambia akalete nati.

Hesabu inasema kushoto.
Manane kwa mawili, hata mhasibu wetu angesema kushoto,
na yeye hajawahi kushika spana.
Nikafungua mdomo niseme kushoto,
mdomo ukasema, "Kulia."

Semboja hakuuliza kwa nini.
Akaandika kwenye risiti, kwa herufi kubwa, KULIA,
kisha akaandika tena kwa chaki kwenye mpira wenyewe,
chaki ambayo mvua ya kwanza ya Muheza itaifuta.

Likapanda mlangoni, likakazwa nati tatu.
Nikaingia, nikatia rivasi,
kwa sababu hapo hakuna pa kugeuzia,
na manne yote yakaanza kuzunguka kinyume cha yalivyoandikwa,
baiskeli zikinipigia kengele kushoto na kulia,
Kihiyo akicheka, muhogo mdomoni, akinyoosha kidole:
"Yote! Yote!"

Isipokuwa lile la tano, lililotangulia mtaani
bila kuzunguka popote.